Mikoba ya Nairobi, jina la London: Fasheni yaweza kuisafisha sura ya Afrika?

Mnamo 2011, picha za matangazo ya Vivienne Westwood, mbunifu mashuhuri wa mitindo kutoka Uingereza, zilipigwa jijini Nairobi. Mpigapicha alikuwa Mjerumani Juergen Teller, naye hakuelekea kwenye hoteli za kifahari wala mbugani walipo twiga. Alikwenda kwenye mitaa ya mabanda, akampiga picha Westwood pamoja na wanamitindo wake mbele ya mabati yaliyoota kutu. Mikoba iliyokuwa ikitangazwa ilishonwa na mafundi wa jiji hilo hilo, kwa turubai, mabango ya zamani ya barabarani na mabaki ya ngozi.

Picha hizo ziliwagawa watazamaji. Kuna waliosema kwamba hatimaye Mwafrika alikuwa akionyeshwa kama fundi mwenye ujuzi, wala si mwenye njaa anayesubiri gunia la unga. Wengine waliona kinyume kabisa, kwamba ufukara wa Nairobi ulikuwa umegeuzwa pazia la kupambia biashara ya bidhaa ambazo mkazi wa mabanda hayo hawezi kuota kuzinunua. Swali lililozuka wakati huo halijapata jibu la kuridhisha hadi leo: je, biashara ya mitindo inayoendeshwa kwa nia ya kuwainua maskini hubadilisha jinsi mataifa yanayostawi yanavyotazamwa, au huupaka umaskini rangi mpya na kuutia dukani?

Ili kulielewa swali hilo, ni muhimu kukumbuka ilikotoka sura ambayo wajasiriamali hawa wanajaribu kuifuta. Baa la njaa la Ethiopia la 1984 na 1985 liliingia katika sebule za Ulaya na Marekani kupitia runinga. Wanamuziki wa Uingereza wakiongozwa na Bob Geldof na Midge Ure walirekodi wimbo wa kuchanga fedha mwishoni mwa 1984, na Julai 1985 likafuata tamasha la Live Aid. Fedha nyingi zilipatikana, na watu walioelekea kufa walifikiwa. Hata hivyo, kilichobaki vichwani mwa kizazi kizima cha watazamaji ni mtoto mmoja mwenye tumbo lililovimba na nzi usoni, aliyesimama badala ya bara lenye mataifa zaidi ya hamsini. Wimbo huo uliporekodiwa upya mwaka 2014 kwa ajili ya janga la Ebola, mwanamuziki Fuse ODG, Mwingereza mwenye asili ya Ghana, alikataa kushiriki. Hoja yake ilikuwa kwamba picha za aina hiyo hufukuza watalii na wawekezaji, hivyo hasara yake huweza kuipita michango inayopatikana.

Mavazi yana nafasi yake katika hadithi hiyo. Kwa miaka mingi, Mwafrika katika fikra za wengi ughaibuni ni mtu anayevishwa. Mwaka 2010, mfanyabiashara mmoja kijana wa Marekani alitangaza kampeni ya kukusanya fulana milioni moja ili zipelekwe Afrika. Alishangaa kupokea lawama badala ya shukrani, nyingi zikitoka kwa Waafrika wenyewe waliomweleza kuwa bara hili halina upungufu wa fulana, na kwamba lina mafundi cherehani wanaohitaji wateja. Kampeni hiyo iliachwa. Miaka mitano kabla ya hapo, mwanauchumi Mkenya James Shikwati alikuwa amewashtua wengi alipoliambia jarida la Ujerumani, Der Spiegel, kwamba misaada inaidhuru Afrika, akitaja nguo kuukuu miongoni mwa mifano yake. Utafiti wa Garth Frazer wa Chuo Kikuu cha Toronto uliochapishwa 2008 ulikadiria kwamba nguo za mitumba zilichangia takriban asilimia 40 ya kuporomoka kwa utengenezaji wa nguo Afrika kati ya 1981 na 2000.

Ni katika mazingira hayo ambapo mradi uliozalisha mikoba ya Westwood ulizaliwa. Mtaliano Simone Cipriani aliuanzisha mwaka 2009 chini ya ITC, shirika la Geneva linalomilikiwa kwa pamoja na Umoja wa Mataifa na Shirika la Biashara Duniani. Kaulimbiu yake ilikuwa fupi: si sadaka, ni kazi tu.

Utaratibu wenyewe unastahili kuelezwa, maana ndio wenye uzito kuliko picha. Mbunifu akiwa London au Milan huchora mkoba. Mchoro hufika Nairobi kwenye kituo kikuu cha kazi, ambako kielelezo hutengenezwa, vitambaa hukatwa na muda wa kila hatua hupimwa ili ujira ukokotolewe. Kisha kazi hugawanywa kwa vikundi. Akina mama wa Kimaasai hutunga shanga, vikundi vingine hufuma, hushona au huchapa maandishi. Kila kipande hurudi kituoni, hukaguliwa, na chenye kasoro hurejeshwa kwa aliyekitengeneza. Baada ya hapo shehena husafirishwa kwa tarehe iliyoafikiwa, kwa sababu duka la Ulaya halingoji. Msimu ukipita, mkoba hauna mnunuzi.

Mtu aliyezoea kusikia hotuba za kuwainua akina mama ataona utaratibu huu kuwa mkali, na kweli ni mkali. Lakini ukali huo ndio heshima yenyewe. Mhisani hupokea kikapu kilichopinda na kukisifu mbele ya kamera, kisha hakirudii tena. Mnunuzi hukikataa, hueleza kasoro iko wapi, na akipata kilicho sawa huagiza vingine mia tano. Maafisa wa ununuzi wa makampuni makubwa ya mitindo, ambao kwa miaka waliamini kwamba Afrika haiwezi kutimiza kiwango wala tarehe, ndio watazamaji wa kwanza ambao fikra zao zilipaswa kubadilika. Hao hawabadilishwi na tangazo. Hubadilishwa na shehena ya pili inayofika ikiwa sawa na ya kwanza.

Mfano mwingine uko Taita Taveta. Katika eneo la Rukinga, kati ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, karakana ya ushonaji ya SOKO Kenya ilianzishwa mwaka 2009 na Mwingereza Joanna Maiden ikiwa na mafundi wachache. Eneo hilo ni kavu, kazi ni adimu, na kwa wakazi wengi njia ya haraka ya kupata riziki ilikuwa kukata miti ya makaa au kuwinda wanyama kinyume cha sheria. Kampuni ya ASOS ya Uingereza, inayouza nguo kupitia intaneti, ilianza kuagiza mavazi huko mwaka 2010. Mavazi hayo yalitambulishwa kwanza kwa jina la Afrika kwa jumla, na kufikia 2018 kwa maneno yanayotangaza kuwa yametengenezwa Kenya, huku wabunifu wa Kenya wakishirikishwa. Badiliko hilo ni dogo kwenye lebo, lakini kuondoka katika "Afrika" isiyo na mipaka hadi nchi yenye jina lake si jambo la kubezwa.

Hata hivyo, kuna tatizo ambalo miradi mingi ya aina hii hulikwepa. Hakuna anayenunua kiatu cha Mtaliano kwa sababu fundi wake ni mjane mwenye watoto saba. Hununuliwa kwa sababu ni kiatu kizuri. Mkoba wa Nairobi, kwa upande wake, mara nyingi huuzwa pamoja na kadi ndogo inayosimulia maisha ya aliyeushona: anakoishi, idadi ya watoto wake, jinsi alivyoachwa na mumewe. Mnunuzi wa Paris au New York hulipia vitu viwili kwa pamoja, mkoba na raha ya kujihisi mwema. Biashara ikishajengwa juu ya msingi huo, fundi analazimika kubaki maskini machoni pa mteja ili mkoba uendelee kuvutia. Atakayenunua gari na kujenga nyumba ya mawe atakuwa ameharibu tangazo.

Isitoshe, huruma ni mteja asiyetegemeka. Hilo lilidhihirika katika kisa cha Edun, nembo iliyozinduliwa mwaka 2005 na Ali Hewson pamoja na mumewe, mwanamuziki Bono wa kundi la U2. Nia ilitangazwa waziwazi: kuionyesha dunia kwamba Afrika yahitaji biashara. Kampuni kubwa ya Ufaransa, LVMH, ilinunua asilimia 49 ya hisa mwaka 2009. Lakini matatizo ya ubora na ucheleweshaji wa bidhaa yaliiandama, na kufikia 2010 sehemu kubwa ya mavazi yake ilikuwa ikishonwa China. Mwaka 2018 LVMH ilijiondoa. Kinaya ni kwamba nembo iliyoanzishwa kuthibitisha uwezo wa viwanda vya Afrika iliishia kuwapa hoja wale waliokuwa wakiutilia shaka, na jina la Bono halikutosha kuuza koti ambalo mteja hakulipenda.

Waliofanikiwa kubadilisha sura kwa namna ya kudumu ni wale walioanza na bidhaa, jina likawa lao. Wahenga walisema kizuri chajiuza, na huko Karen, Nairobi, kuna karakana ambayo imeishi kwa methali hiyo tangu 1975. Kazuri ilianza katika kibanda bustanini mwa Susan Wood, ikiwa na wanawake wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao. Baadaye ilifikia zaidi ya wanawake 300. Udongo huletwa kutoka sehemu za Mlima Kenya, hufinyangwa kwa mkono kuwa shanga, huchomwa katika tanuri na kupakwa rangi. Ni kweli kwamba mwanzilishi alikuwa mke wa daktari Mwingereza, wala si mwanamke wa kijijini. Lakini jina ambalo mnunuzi wa ughaibuni hulazimika kulitamka ni la Kiswahili, na linazungumzia uzuri wa kitu kidogo, si shida ya aliyekitengeneza.

Nchini Ethiopia, Bethlehem Tilahun Alemu alichukua hatua iliyo kubwa zaidi. Mhasibu huyu alizaliwa Zenebework, kitongoji cha hali ya chini cha Addis Ababa, ambako aliona mafundi hodari wa kusokota na kufuma wakikaa bila kazi. Mwaka 2004 alianzisha kampuni ya viatu aliyoiita soleRebels. Nyayo zake hukatwa kutoka magurudumu yaliyochakaa, teknolojia ambayo kila Mkenya aliyewahi kuvaa akala anaifahamu, huku sehemu ya juu ikifumwa kwa pamba iliyosokotwa kwa mkono. Viatu hivyo viliuzwa katika nchi nyingi, na kampuni ikafungua maduka yenye jina lake hadi Taiwan. Akala, ambazo Nairobi zilichukuliwa kuwa viatu vya mlalahoi na mchungaji wa ng'ombe, ziliwekwa kwenye rafu pamoja na viatu vya mashirika ya kimataifa.

Tofauti kati ya Bethlehem na Edun haikuwa nia njema, maana pande zote mbili zilikuwa nayo. Yeye alikuwa karibu na fundi, aliijua malighafi, na hakuwa na nafasi ya kuhamia China mambo yalipokuwa magumu. Alikataa pia kuwasilishwa kama mtu aliyeokolewa. Katika mahojiano yake mengi alisisitiza kwamba alitaka Ethiopia ijulikane kwa kile watu wake wanachoweza kutengeneza, nchi ambayo dunia iliijua kwa njaa ya 1984 zaidi ya kitu kingine chochote.

Rwanda nayo ilikuwa na mzigo mzito zaidi wa kuubeba baada ya mauaji ya halaiki ya 1994. Dada wawili waliokulia ukimbizini Uganda, Janet Nkubana na Joy Ndungutse, waliwakusanya wanawake wa Kihutu na Kitutsi, wajane kwa wake wa waliofungwa, wakasuka pamoja vikapu vya agaseke. Kuanzia 2005, vikapu vyao viliuzwa katika maduka ya Macy's ya Marekani vikitambulishwa kama vikapu vya amani. Hapa hadithi na bidhaa haziwezi kutenganishwa, na pengine si haki kudai zitenganishwe. Hata hivyo, kilichouzwa hakikuwa machozi. Mnunuzi aliambiwa jambo ambalo wanawake hao walikuwa wamelifanya wenyewe, tena gumu.

Suala la nani anamiliki jina si la heshima tu. Ni la fedha. Mwaka 2006, kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" kuwa alama yake ya biashara. Kama ombi hilo lingekubaliwa, mfanyabiashara kutoka Mombasa au Lamu angehitaji ruhusa ili kuuza kikoi Uingereza kwa jina ambalo mababu zake walilitumia. Wanaharakati wa biashara ya haki walilipinga, na mwaka 2008 ombi likaanguka. Wamaasai pia wamesumbuka. Jina na shuka zao zimetumiwa na makampuni kuanzia ya viatu hadi ya magari, na mkusanyiko wa mavazi ya wanaume ya Louis Vuitton wa 2012 ulijaa miraba ya shuka hiyo. Wazee wa jamii hiyo kutoka Kenya na Tanzania waliunda chombo cha kudai haki zao za ubunifu, na mwaka 2018 iliripotiwa kwamba kampuni moja ndogo ya mavazi ya Uingereza ilikuwa imekubali kulipia leseni. Malipo yalikuwa kidogo, lakini aliyelipa alikuwa amekiri kwamba shuka ina mwenyewe.

Kiondo hakikupata bahati hiyo. Vyondo vya mkonge vilivyosukwa na akina mama wa Ukambani na Mlima Kenya vilivuma Ulaya na Marekani katika miaka ya sabini na themanini. Muda si muda, viigizo vya bei ya chini kutoka Asia vikafurika sokoni, na msukaji wa Machakos akabaki na ujuzi wake pamoja na soko la watalii.

Licha ya mafanikio yaliyotajwa, itakuwa kujidanganya kudhani kwamba karakana za shanga na vikapu zinaweza kuajiri vijana wote wanaotafuta kazi. Kazi ya mkono ni ghali na ni ya polepole. Ajira za maelfu ziko viwandani, na huko sura inayouzwa ni nyingine kabisa: bei ya chini ya mfanyakazi. Ethiopia ilipofungua eneo la viwanda la Hawassa mwaka 2016, makampuni makubwa ya mavazi yaliitikia. Ripoti ya Chuo Kikuu cha New York ya 2019 ilionyesha kuwa mshahara wa kuanzia humo ulikuwa dola 26 kwa mwezi, ilhali hata Bangladesh, ambako zaidi ya watu 1,100 walikufa jengo la Rana Plaza lilipoporomoka Aprili 2013, ulikuwa dola 95. Nchi inayojitangaza kwa sifa hiyo haijapandishwa hadhi na fasheni.

Viwanda hivyo pia vimetegemea fadhila za soko la Marekani. Mataifa ya Afrika Mashariki yalipokubaliana mwaka 2016 kuondoa mitumba hatua kwa hatua, wauzaji wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika, na nafasi ya kuuza nguo bila ushuru chini ya sheria ya AGOA ikatumiwa kama kiboko. Kenya ilirudi nyuma. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ilishikilia msimamo wake, na Julai 2018 mavazi yake yakaondolewa kwenye mpango huo. Wakenya waliodhani kwamba mitumba ni suala la Gikomba na Toi pekee walijifunza kuwa ni suala la ubalozi.

Upo mtazamaji mmoja anayesahauliwa katika mjadala huu, naye ni Mkenya mwenyewe. Mwaka 2004 vazi la taifa lilizinduliwa kwa mbwembwe baada ya wabunifu kuzunguka nchi wakikusanya maoni, na halikuvaliwa. Oktoba 2019, Serikali ya Rais Uhuru Kenyatta iliwaagiza watumishi wa umma kuvaa mavazi yaliyoshonwa nchini kila Ijumaa, miezi michache baada ya kiwanda cha Rivatex cha Eldoret kufunguliwa upya. Mafundi walifurahi kwa muda. Kisha, mnamo Novemba 28, 2023, Spika wa Bunge la Kitaifa, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda na mavazi ya kitamaduni ya Kiafrika katika majengo ya Bunge, akiwataka wanaume wavae koti, shati lenye ukosi na tai. Wakati huo suti za Kaunda zilikuwa zimeshika kasi kwa sababu Rais William Ruto alizipenda, na mafundi wa Nairobi walikuwa wakizishona usiku na mchana.

Kwa hiyo mwaka mmoja tu baada ya jumba la makumbusho la Victoria and Albert mjini London kufungua maonyesho makubwa ya mitindo ya Afrika, yaliyojumuisha mapambo ya mbunifu Mkenya Ami Doshi Shah, mbunge wa Kenya hangeweza kuingia kazini akiwa amevaa vazi la Kiafrika. Fundi wa Kenyatta Market aliyekuwa na oda za wabunge alilazimika kurudi kwa wateja wa harusi na ruracio. Hao bado wanaagiza kitenge, ingawa kitambaa chenyewe, mara nyingi, kimechapishwa China.